Anayewahi Kumaliza na Dawa Isiyo Yake

Jioni moja Tandika nilikuwa nimesimama nje ya duka la dawa muhimu, nasubiri chenji ya dawa ya kikohozi ya mtoto. Pembeni alikuwepo kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limechomekewa, begi mgongoni. Aliwapisha wateja wawili akijifanya anasoma bango la malaria ukutani. Akina mama walipoondoka akasogea kwenye nondo za dirisha, akainama.

"Dada, naomba ile dawa ya wanaume."

Muuzaji hata hakuinua kichwa. "Ya hamsini au ya mia?"

Kijana akababaika. "Sijui, dada. Mimi kusimama nasimama. Nawahi tu."

"Ni hiyohiyo, inasaidia yote." Akakata vidonge viwili kwa mkasi, akavifunga kwenye kikaratasi, akapokea hela.

Si hiyohiyo. Hamsini na mia ni miligramu za sildenafili, dawa ya mwanaume ambaye uume hausimami, au unasimama kisha unalala njiani. Yule kijana alikuwa ameshasema kwa mdomo wake kwamba hilo si tatizo lake. Alieleza ugonjwa mmoja, kuwahi kumaliza tendo, akauziwa dawa ya mwingine, na nina hakika usiku ule aliwahi vilevile, safari hii moyo ukimdunda na uso umewaka.

Lawama zote si za yule dada. Hapa mjini kila kinachomsumbua mwanaume kitandani kinatiwa kapu moja linaloitwa "nguvu za kiume". Soma makaratasi yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Mbagala hadi Tegeta: nguvu za kiume, mvuto wa mapenzi, kurudisha mali iliyoibiwa, namba ya simu. Jua likizama, muuza supu ya pweza anakuhakikishia kwamba kikombe kimoja kinatosha usiku mzima. Wa alkasusu naye ana lake, na anayesukuma mkokoteni wa mihogo mibichi, vipande vya nazi na karanga hana haja hata ya kunadi, maana wateja wanajua wanachokifuata. Kuna mkuyati, kuna vumbi la Kongo. Mimi supu ya pweza naipenda, ikiwa na ndimu na pilipili ya kutosha, lakini naipenda kama supu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichothibitika kumchelewesha anayewahi.

Kusimama na kumaliza ni kazi mbili, zinazoendeshwa na mitambo miwili tofauti. Kwa lugha ya Dar, kusimama ni kazi ya DAWASA, watu wa maji, na kumaliza ni kazi ya TANESCO, watu wa umeme. Uume husimama kwa sababu mishipa inafunguka, damu inaingia kwa presha na inazuiwa isitoke haraka. Sildenafili inafanya kazi kwenye mabomba hayo. Kumaliza ni kazi ya neva na misuli: hisia zinapanda kutoka kwenye ngozi ya uume kwenda uti wa mgongo na ubongo, zinalimbikizana, zikifika kiwango fulani swichi inajiwasha yenyewe. Umeme ukikatika nyumbani huendi kugombana na watu wa maji.

Swichi hiyo ina hatua mbili. Kwanza tezi dume na vifuko vya shahawa vinajibana na kumimina majimaji kwenye sehemu ya ndani ya mrija wa mkojo. Mwanaume analisikia hilo kama "inakuja". Sekunde chache baadaye misuli ya chini, ile iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, inapiga mikazo ya mfululizo na shahawa inaruka. Hatua ya kwanza ikishaanza hakuna breki, ni kama basi la mwendokasi lililokwishapita kituo, bonyeza kengele utakavyo. Kwa hiyo mafunzo yote nitakayoyaeleza huko mbele yanahusu muda ulio kabla ya hapo.

Sasa, kuwahi ni dakika ngapi? Hapa vijiwe vyetu vimeharibu watu. Ukisikiliza stori za bodaboda, kila mtu anakwenda saa nzima. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wapenzi 500 kutoka Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani, ambao walipewa saa ya kupimia wakapime wenyewe nyumbani kwa wiki nne, kuanzia uume unapoingia ukeni hadi mwanaume anapomaliza. Aliyewahi zaidi alitumia kama nusu dakika, aliyechelewa zaidi dakika 44. Aliyekaa katikati kabisa ya mstari alitumia dakika 5.4. Wanandoa wa Temeke hawakupimwa, lakini miili haitofautiani kiasi cha kuifanya saa nzima kuwa kawaida ya mtu yeyote. Filamu za ngono zinakatwa na kuungwa, na stori za kijiweni nazo zinaungwaungwa kwa ufundi uleule.

Chama cha kimataifa cha madaktari wa afya ya ngono kiliweka tafsiri yake mwaka 2014. Wapo wanaowahi tangu siku ya kwanza walipoanza ngono: karibu kila mara wanamaliza ndani ya dakika moja hivi. Wapo waliokuwa sawa kwa miaka, halafu muda ukashuka waziwazi, mara nyingi hadi dakika tatu au pungufu. Dakika peke yake hazitoshi kumfanya mtu mgonjwa. Ni lazima pia awe hawezi kujizuia, na hali hiyo iwe inamuumiza, inamkera au inamfanya akwepe tendo lenyewe. Kwa kipimo hicho wataalamu walikadiria kwamba wenye tatizo hasa ni kama wanaume 4 katika 100. Ukiuliza tu mitaani "je, unawahi?", watakaonyoosha mkono ni 20 hadi 30 katika 100. Hao waliozidi wengi wao ni watu wa dakika nne au tano wanaojilinganisha na uongo wa watu, au wanaowahi siku mojamoja: wamekaa mwezi hawajakutana na mke, wana mpenzi mpya, wamechoka. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuelezwa haya, na kidonge hakimhusu.

Kwa anayewahi tangu mwanzo, maelezo yenye nguvu zaidi yako kwenye ubongo. Kemikali iitwayo serotonini ndiyo inayoshika breki ya kumaliza, na kwa watu hawa breki hiyo inaonekana kuwa nyepesi. Tafiti za mapacha nchini Finland zinaonyesha kwamba urithi una sehemu yake. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuzaliwa hivi, kama anavyozaliwa na macho yasiyoona mbali.

Punyeto? Najua hilo ndilo swali, kwa sababu kila tangazo la mtandaoni linaanza nalo: mishipa imelegea, imesinyaa, imekufa, lipia dozi. Hakuna ushahidi kwamba punyeto inalegeza mishipa au inasababisha kuwahi kwa maisha yote. Dini yako inaweza kuwa na neno juu yake na hilo ni lako na imamu au padri wako, ila anayekuuzia dawa ya kuchubua hatia hiyo anauza hofu. Kuna nadharia ya zamani, iliyopendwa na watafiti wa Kimarekani Masters na Johnson, kwamba mtu aliyeanza ngono kwa haraka na wasiwasi wa kufumwa anajifunza kuharakisha. Ushahidi wake ni dhaifu, lakini nikifikiria vyumba vya kupanga vya Manzese ambavyo ukuta haufiki juu, mtoto amelala nyuma ya pazia na jirani anakohoa kama yuko kitandani kwenu, naelewa kwa nini inamwingia mtu akilini. Wasiwasi haukuzalishi tatizo la kuzaliwa nalo, ila unalichochea. Ukiwahi leo, kesho unaingia ukiwa na hofu, na hofu inaamsha neva zilezile zinazowasha swichi.

Aliyeanza kuwahi ukubwani ni habari nyingine, na huyu ndiye nisingependa aishie dirishani kwa mtu wa dawa, kwa sababu mara nyingi kuna kitu kinachotibika nyuma yake. Kinachoongoza ni kusimama kwenyewe kuyumba. Mtu anaogopa uume utalala, basi anakimbiza kazi amalize kabla haujalala. Mke anaona kuwahi, kumbe mzizi ni kisukari au presha inayoharibu mishipa ya damu. Kwa huyu hasa, dawa ya kusimamisha inaweza kuleta nafuu, baada ya daktari kumpima na kuhakikisha hatumii dawa za moyo za kundi la naitreti, maana zikikutana na sildenafili presha inaweza kuporomoka na mtu akafa.

Kisha kuna tezi dume yenye uvimbe wa maambukizi: maumivu chini ya korodani, kukojoa mara kwa mara, kuchoma wakati wa kumaliza. Tezi ya thairoidi shingoni inayofanya kazi kupita kiasi nayo imo. Watafiti wa Italia waliwachunguza wanaume wenye tatizo hilo wakakuta nusu yao wanawahi; walipotibiwa tezi, wakabaki kama 15 katika 100. Hakuna aliyewapa dawa ya kitandani. Kwa hiyo mwanaume anayekonda huku anakula vizuri, mikono inatetemeka, jasho halikauki hata chini ya feni, akaanza na kuwahi, apimwe damu.

Na kuna arosto. Anayeacha heroini mwili unapomdai huwahi kupita kiasi, wakati mwingine shahawa zinatoka bila hata kuguswa. Wengi hawalisemi hili, na wapo wanaorudi kwenye unga kwa sababu ukiwa mwilini unachelewesha. Kliniki za methadoni, dawa ya kumsaidia anayeacha heroini, zipo Dar tangu 2011, zilianza hospitali ya Muhimbili kisha Mwananyamala na Temeke. Pale swali hili linaulizika bila mtu kukushangaa.

Nimelitaja hilo ili nifike kwenye tramado. Vijana wanaimeza "kushikilia mechi", na si uongo kwamba inachelewesha: ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, na pia inaigusa serotonini. Lakini ni afyuni. Ukiizoea, dozi inapanda. Ukiiacha, unapata arosto yako ndogo na unawahi kuliko ulivyoanza. Dozi kubwa inaleta degedege, na ikichanganywa na pombe inazima pumzi. Ni dawa ya cheti cha daktari, kwa maumivu.

Tiba zenyewe sasa. Nitakaa zaidi kwenye ile isiyouzwa, kwa sababu haina mtu wa kuitangaza.

Mwaka 1956 daktari wa Marekani, James Semans, alieleza njia rahisi mno. Uume unachuliwa, na mwenyewe au na mke, hadi mwanaume asikie "inakaribia", siyo "inakuja". Hapo mkono unaondolewa. Wanasubiri hamu ishuke, nusu dakika hivi au zaidi, uume ukilegea kidogo si neno. Wanaanza tena. Mara tatu wanasimama, ya nne wanaachia. Wiki za mwanzo ni mkono mkavu, zinazofuata ni mkono wenye mafuta, maana utelezi unafanana zaidi na uke. Halafu ndani ya uke, mke juu, bila kusukuma kwanza. Masters na Johnson mwaka 1970 waliongeza kubana: badala ya kusubiri tu, kichwa cha uume kinaminywa kwa vidole sekunde kadhaa hadi hamu ipoe.

Kinachofunzwa hapo ni masikio ya kuusikiliza mwili. Anayewahi mara nyingi hajui alipo: anatoka sifuri, anashtukia ameshapita kituo. Baada ya wiki kadhaa anaanza kutofautisha hamu ya sita na ya saba, ya saba na ya tisa, kwenye ngazi ya sifuri hadi kumi. Niseme pia upande wa pili: waanzilishi walitangaza mafanikio makubwa, lakini wengine walipowafuatilia watu miaka mitatu baadaye walikuta wengi wamerudi walikokuwa. Ni kama mazoezi ya tumbo, ukiacha kitambi kinarudi.

Mke anapaswa kuambiwa kabla, mkiwa mmevaa nguo. Kwetu binti anafundwa. Ana somo, ana kungwi, anafanyiwa kitchen party ya wiki nzima ya maneno. Kijana wa kiume anapigwa bega na mjomba, anaambiwa "kaza". Matokeo yake mke anayeachwa njiani kila siku anadhani hapendwi au kuna mwanamke mwingine, na mume anayenuna ukutani anadhani anadharauliwa. Sentensi ya kuanzia haihitaji ushairi: "Mke wangu, nawahi na inaniumiza, nataka tulifanyie kazi wote wawili." Wapo wanandoa waliogundua siku hiyo kwamba mke shida yake kubwa haikuwa dakika, ilikuwa kwamba bwana akishamaliza anageuka na kukoroma. Mikono na midomo havijawahi kuwahi kumaliza.

Zoezi jingine ni la misuli ya chini. Ili uitambue, kata mkojo katikati mara moja au mbili tu, usilifanye hilo liwe mazoezi. Ukishaijua, kaza sekunde tano, legeza sekunde tano, mara kumi, mara tatu kwa siku. Unaweza kufanya kwenye daladala umekwama foleni ya Ubungo, abiria wa pembeni hatajua. Kulegeza ni nusu ya zoezi, usikae umekaza siku nzima. Nchini Italia wanaume 40 waliokuwa wakimaliza kwa wastani wa sekunde 31.7 walifundishwa misuli hii kwa wiki 12 na wataalamu wa viungo. 33 kati yao wakapata udhibiti, na wastani ukapanda hadi sekunde 146.2. Walikuwa wachache na hakukuwa na kundi la kulinganisha, lakini ni zoezi la bure.

Anayetaka nafuu ya haraka ana krimu ya ganzi yenye lidokeini na prilokeini. Inapakwa kidogo kwenye kichwa cha uume dakika 20 hadi 30 kabla. Halafu, na hapa ndipo wengi wanakosea, inafutwa au kuoshwa vizuri kabla ya kuingia, au inavaliwa kondomu. Usipoifuta, ganzi inahamia kwa mke, naye hasikii chochote. Ukiiacha muda mrefu kupita kiasi, uume wenyewe unakufa ganzi na kulala. Kondomu ya kawaida peke yake inapunguza hisia kwa baadhi ya watu, na inakinga magonjwa.

Vidonge vinavyochelewesha kweli vinatoka kwenye kundi la dawa za sonona. Madaktari waligundua kwamba wagonjwa wa sonona waliotumia dawa za kupandisha serotonini walilalamika kuwa hawamalizi, na kero ya mmoja ikageuzwa tiba ya mwingine. Paroksetini, setralini na fluoksetini zinamezwa kila siku, na matokeo huanza kuonekana baada ya wiki moja au mbili. Paroksetini ndiyo iliyoonekana kuchelewesha zaidi. Dapoksetini ilitengenezwa mahususi kwa tatizo hili: inamezwa saa moja hadi tatu kabla ya tendo, miligramu 30 kwa kuanzia. Nchi kadhaa za Ulaya zilianza kuiidhinisha mwaka 2009, Marekani haijaiidhinisha. Zote zinaweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi, miayo, au kupunguza hamu yenyewe. Dapoksetini inaweza kumwangusha mtu kwa kuzimia, hasa akinywa na pombe. Za kila siku hazikatishwi ghafla, kwa vijana daktari lazima aangalie mawazo ya kujidhuru, na anayetafuta mtoto aseme mapema kwa kuwa paroksetini inaweza kuathiri mbegu. Usizichanganye na tramado. Unaona kwa nini hazifai kukatwa kwa mkasi dirishani.

Za miti je? Tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na ina Baraza linalosajili waganga na dawa zao, kwa hiyo mwulize mganga cheti. Unga usio na jina wala kipimo una hatari moja ambayo watu hawaifikirii. Mamlaka ya dawa ya Marekani imegundua mara nyingi dawa za "asilia" za wanaume zilizotiwa sildenafili kimyakimya. Mzee wa presha aliyekataa kidonge kwa kuogopa kemikali anaweza kuwa anailamba kemikali hiyohiyo kwenye kijiko cha asali, tena bila kujua ni miligramu ngapi.

Kwa mkazi wa Dar, njia inaanzia kituo cha afya kilicho jirani, na rufaa inakwenda hospitali za Amana, Temeke au Mwananyamala. Muhimbili kuna madaktari wa mfumo wa mkojo na wa afya ya akili, ambao wote wanaweza kuhusika. Daktari atakuuliza ilianza lini, ni kila mara au mojamoja, ni kwa mke tu au hata peke yako, unameza nini, unalala vipi. Atapima presha na sukari, pengine na thairoidi, na huenda akagusa tezi dume. Ukiweza, nenda na mama watoto, kwa sababu makadirio yake ya dakika mara nyingi hayafanani na yako.

Ukiingia, usianze na "daktari, nguvu zimepungua". Ukisema hivyo utaandikiwa hamsini au mia. Sema alivyosema yule kijana wa Tandika: kusimama nasimama, nawahi tu. Kisha ongeza tangu lini.